Mita nane kati ya ukuta na ukuta: kupima kama barabara ya mtaa inamfaa kila mkazi

Swali: Nimechaguliwa kuwa mjumbe wa kamati inayofuatilia ujenzi wa barabara ya mtaa wetu, Tabata, Dar es Salaam. Kati ya ukuta na ukuta tuna mita nane tu. Majirani wengi wanataka lami ichukue nafasi yote ili magari yapishane bila kusumbuana. Mama yangu mzazi anatumia kiti mwendo, na jirani yetu wa nyumba ya tatu haoni kabisa. Tutapimaje kama barabara tutakayojengewa itawafaa wote, si wenye magari peke yao? Na kipimo hicho tukifanye lini, kabla ya ujenzi au baada yake?

Jibu: Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lenye haraka. Kipimo hufanyika mara mbili, lakini kile cha kabla ya ujenzi ndicho chenye nguvu, kwa sababu katika barabara ya mtaa jambo linaloamua nani atapita na nani atabaki ndani si ubora wa lami bali ni namna zile mita nane zilivyogawanywa. Mgawanyo ukishamwagiwa zege hauguswi tena kwa miaka mingi, na mama yako hawezi kupatiwa njia baadaye mahali ambapo njia haikuachwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo ombeni kwanza mchoro wa barabara iliyokatwa kwa upana wake, yaani ule unaoonyesha lami, mitaro, njia ya waenda kwa miguu na nguzo za umeme kutoka ukuta hadi ukuta. Barabara nyingi za mitaa zinasimamiwa na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanza kazi mwaka 2017, na mchoro huo unaweza kuombwa kwake kwa barua inayopitia ofisi ya mtendaji wa mtaa. Msiridhike na ramani inayoonyesha barabara kutoka juu kama mstari mweusi, maana mstari huo hausemi lolote kuhusu mtu anayetembea. Ombeni pia mchoro wa sehemu zenye taabu, yaani penye kona, penye mteremko na pale barabara yenu inapokutana na barabara kubwa.

Tuchukue mita nane zenu. Ikiwa lami itachukua mita 6 na kila upande ukawekwa mtaro wa sentimita 80, zimekwisha mita 7 na sentimita 60. Zinazobaki ni sentimita 40, na hizo zitagombaniwa na nguzo za umeme, ngazi za vibaraza na mabomba ya maji. Katika mgawanyo huo mtu anayetembea hana mahali. Atatembea juu ya lami mbele ya bajaji na bodaboda, na atakapopigiwa honi hatakuwa na pa kukimbilia isipokuwa mtaroni. Sasa gawanyeni kwa namna nyingine: lami ya mita 3 na nusu yenye sehemu za kupishana kila baada ya nyumba kadhaa, upande mmoja mita 2 za njia ya miguu iliyojengwa juu ya mtaro uliofunikwa, upande wa pili mita 1 iliyo sawa na lami, isiyo na kingo, ambayo mtu atapita na gari litasogea pale inapobidi, kisha mita 1 na nusu ya mwisho iwe ya miti, nguzo, ngazi na meza za biashara. Jumla ni mita nane zilezile. Gari dogo litapita, gari la taka litapita, na gari la zimamoto, ambalo huhitaji nafasi wazi isiyopungua mita 3.7 hivi, litapita pia. Kinachopungua ni mwendo, pamoja na raha ya magari mawili kupishana popote yanapokutana. Mimi naihesabu hiyo kuwa gharama ndogo, na ningewaambia majirani zako hivyo uso kwa uso.

Baada ya mchoro, hesabuni watu. Kaeni barazani siku mbili, moja ya kazi na moja ya mapumziko, kuanzia alfajiri hadi saa tatu usiku, mkiandika kila anayepita: anayetembea mikono mitupu, mwenye ndoo au beseni kichwani, mtoto anayekwenda shule peke yake, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo, mkokoteni, guta, baiskeli, bodaboda, bajaji, gari. Andikeni na saa. Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam hesabu ya namna hii inatosha kunyamazisha hoja kwamba barabara ni ya magari, kwa kuwa wakazi walio wengi hutoka nyumbani kwa miguu hata kama wataishia kwenye daladala au mwendokasi.

Lakini hesabu hiyo ina kasoro moja kubwa, na naomba uishike kwa sababu hata wataalamu huipita. Inawahesabu wanaopita tu. Aliyeshindwa kutoka hahesabiwi. Kama mama yako hajavuka geti tangu masika iliyopita, daftari lenu litaonyesha kwamba hakuna mtumiaji wa kiti mwendo katika mtaa huo, na mhandisi atakayelisoma atahitimisha kwa nia njema kabisa kwamba njia ya kiti mwendo haihitajiki. Barabara mbovu huwaficha watu inaowaumiza. Ndiyo sababu baada ya kuhesabu barabarani lazima mpite nyumba kwa nyumba, mkiuliza kwa upole nani hatoki, tangu lini, na angependa kwenda wapi. Mjumbe wa shina anawajua wengi wao, ila msiishie kwake: kuna familia zinazomficha mtoto mwenye ulemavu, na kuna wapangaji wa vyumba vya uani ambao mjumbe hana habari nao.

Haki mnayoidai ina mizizi katika sheria. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo inadai mazingira ya umma yafikike. Ibara ya 9 ya mkataba huo inataja barabara kwa jina. Nayasema haya ili barua zenu kwa mamlaka ziandikwe kwa lugha ya haki. Mtu akiomba hisani hujibiwa kwamba bajeti haitoshi. Akitaja sheria hujibiwa kwa hoja.

Sasa nije kwenye kipimo chenyewe, ambacho ni kutembea. Chagueni wakazi watano au sita wanaopata taabu zaidi, kila mmoja kwa namna yake, na mfuatane na kila mmoja katika safari yake halisi kuanzia kitandani, wala si kuanzia barabarani, mpaka anapokwenda: zahanati, msikiti au kanisa, genge la mboga, kituo cha daladala, shule ya mjukuu. Kila anapokwama andikeni mahali, chukueni kipimo kwa futi ya fundi na mpige picha. Msichukue wastani. Safari ni kama mnyororo, na mnyororo wenye pete mia moja nzima na moja iliyokatika haufungi kitu. Njia ya miguu iliyo nzuri kwa mita 380 ikaishia kwenye ngazi ya sentimita 30 mita 20 kabla ya zahanati haimfikishi mama yako kwenye asilimia 95 ya matibabu. Haimfikishi popote.

Nitakueleza nilichowahi kukiona. Katika mtaa mmoja wa jiji hilihili uliokuwa umekamilika miezi michache tu, nilifuatana na mzee anayetumia kiti mwendo kutoka nyumbani kwake mpaka dukani, umbali usiofika mita 200. Lami ilikuwa safi na mitaro imefunikwa kwa mifuniko ya zege, nami nilitarajia safari ya dakika tatu. Kila mfuniko ulikuwa umeachwa na tundu mbili za kunyanyulia, na kati ya mfuniko na mfuniko palikuwa na mwanya wa vidole vitatu. Magurudumu ya mbele ya kiti mwendo ni madogo, mapana kama kidole gumba tu. Kwenye mfuniko wa nne gurudumu la kulia lilitumbukia katika mwanya, kiti kikasimama ghafla na mzee akasukumwa mbele hata nusura aanguke. Vijana wawili wa bodaboda walikuja kumnyanyua yeye na kiti chake. Akaniambia kwamba huwa anapita katikati ya lami, na kwamba siku ile alipita pembeni kwa sababu tu nilikuwa naye na hakutaka kuniaibisha. Duka lilikuwa na ngazi mbili. Aliagiza akiwa nje.

Kwa sababu hiyo naupa mtaro kipaumbele kuliko lami katika kila tathmini ya barabara ya mtaa kwenye mji wa pwani. Mtaro unapita mbele ya kila mlango, na kila anayetoka lazima auvuke. Ukiwa wazi, mwenye nyumba mwenye uwezo hujijengea kidaraja cha zege mbele ya geti lake, na mpangaji wa nyumba ya nyuma hutandika ubao. Ubao huo ndio anaouvuka mjamzito akiwa na ndoo usiku. Zaidi ya hapo, kidaraja kilichojengwa bila kipimo hubana maji, na masika inapoanza maji hurudi nyuma na kuingia katika nyumba iliyo chini, ambayo mara nyingi ndiyo nyumba ya aliyeshindwa kupandisha msingi. Kwa hiyo dai lenu kwa mhandisi liwe hili: vidaraja vyote viwe ndani ya mkataba wa ujenzi, vyenye kipimo kimoja, mbele ya kila mlango bila kujali mwenye nyumba ana uwezo au hana. Mitaro ifunikwe kwa zege iliyosukwa nondo, kwa kuwa mifuniko ya chuma huibwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mianya na matundu yasizidi milimita 13, na pale inapolazimu kuacha mwanya mrefu wa kupitisha maji, ukate njia kwa upana, usilale kuelekea anakokwenda mtu, ili gurudumu lipite juu yake badala ya kuzama ndani. Palipo na mifuniko ya kunyanyua kwa ajili ya kuzibua taka, tundu la kunyanyulia liwe na kizibo. Haya yote huandikwa katika mchoro kwa mistari michache, na yasipoandikwa fundi atafanya alivyozoea.

Vipimo vingine vya kiti mwendo utavihitaji mkononi. Kiti chenyewe kina upana wa karibu sentimita 70, kwa hiyo njia isipungue sentimita 90 hata penye nguzo. Kugeuka kinahitaji duara la mita 1 na nusu, na viti viwili kupishana vinataka mita 1 na sentimita 80. Mteremko wa kupandia usizidi sentimita moja ya kimo kwa kila sentimita 12 za urefu, maana yake ukingo wa sentimita 15 unadai mteremko wa mita 1 na sentimita 80, na ule ubao wa nusu mita ambao mafundi huuweka mbele ya ukingo kama huo ni hatari tupu. Njia ikiinamia upande mmoja ili maji yatiririke, isizidi sentimita 2 kwa kila mita, vinginevyo kiti kitakuwa kinavutwa kuelekea mtaroni na mkono mmoja wa mtumiaji utachoka kabla ya mwingine. Mpimeni mama yako naye, si kiti chake peke yake: anaweza kujisukuma mita ngapi kabla ya kupumzika? Hapo ndipo pawekwe kivuli na mahali pa kukaa. Miji yetu ya kale iliujua ukarimu huu. Baraza za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilizojengwa ukutani kando ya njia, humpa mzee mahali pa kupumzika bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kivuli hicho kina watu wake wengine wanaosahaulika kila ninapokaa na wahandisi. Mtu mwenye ualbino hupigwa na mambo mawili kwa pamoja, jua linalomchoma ngozi na macho yasiyoona mbali wala kustahimili mng'ao. Kwake barabara nyeupe ya zege isiyo na mti hata mmoja saa saba mchana haipitiki, ingawa hakuna ngazi wala shimo. Mistari ya njano iliyokolea ukingoni mwa ngazi na vidaraja, pamoja na miti iliyopandwa tangu siku ya ujenzi katika ule ukanda wa mita 1 na nusu, ni huduma kwake kama mteremko ulivyo huduma kwa mama yako. Kwa hiyo tembeeni pia saa saba mchana, kisha mtembee saa mbili usiku pamoja na wanawake na wasichana, mkiandika walipobadilisha njia na sababu yake. Taa zinazomulika lami na kuacha njia ya miguu gizani ni kosa la kawaida. Nguzo ya taa ielekezwe kwa anayetembea, kwa kuwa gari lina taa zake.

Kuhusu jirani yenu asiyeona, kuna jambo ambalo kamati nyingi hulikosea kwa nia njema. Mtaa ukiwa mwembamba sana, wazo la kuondoa kingo zote na kuacha watu na magari washirikiane sakafu moja huvutia, na ni wazo lenye heshima: Waholanzi walilianzisha katika mji wa Delft, wakaliingiza katika sheria yao ya barabara mwaka 1976, na katika mitaa hiyo gari hutembea kwa mwendo wa mtu. Kwa mama yako, sakafu moja ni faraja. Kwa jirani yako, sakafu moja isiyo na alama ni bahari isiyo na ufuo, maana fimbo yake nyeupe haina cha kugusa kitakachomwambia kwamba hapa ndipo njia ilipo na pale ndipo gari lipitapo. Uingereza ilipata malalamiko mengi ya watu wasioona kuhusu barabara za namna hiyo, na mwaka 2018 serikali yake ikazitaka halmashauri zisimamishe miradi mipya ya sakafu moja. Ninyi mnaweza kuwapatanisha wote wawili. Upande wa ile njia ya mita 2, wekeni ukingo mfupi wa sentimita 6 hivi, ambao fimbo huugusa bila shaka, na penye kivuko uteremshwe kwa mwinamo wa sentimita 72. Juu ya mwinamo huo zilazwe tofali zenye vinundu ambazo mguu huzihisi kupitia kiatu. Tofali hizo zilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965 na kulazwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Okayama mwaka 1967, na fundi yeyote wa kufyatua tofali za kutandaza barabarani anaweza kuzitoa akipewa kalibu. Mwiteni jirani yako azijaribu kabla hazijalazwa. Yeye ndiye mkaguzi.

Mwendo wa magari unastahili hesabu yake. Vumbi na mashimo ya leo huwapunguzia bodaboda kasi. Lami ikiwekwa, kasi huongezeka siku hiyohiyo, na tathmini inayoangalia starehe ya safari tu haitaliona jambo hili. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaruhusu kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Mzee anayetembea sentimita 80 kwa sekunde anahitaji karibu sekunde 9 kuvuka lami ya mita 7, na katika sekunde hizo gari la kilomita 50 kwa saa limekwenda zaidi ya mita 120. Katika mtaa wenye kona, hakuna anayeona mita 120 mbele yake. Lami ikiwa ya mita 3 na nusu na mwendo ukawa kilomita 30, mzee huyohuyo anavuka kwa sekunde zisizozidi 5 na gari limekwenda mita 37 hivi, umbali ambao jicho linaumudu. Hapa wembamba wa lami unakuwa ulinzi.

Ombeni matuta, lakini angalieni umbo lake. Tuta fupi lenye mgongo mkali huumiza mjamzito ndani ya bajaji na mgonjwa ndani ya gari la wagonjwa, na waendesha bodaboda hulikwepa kwa kupita pembeni, palepale watu wanapotembea. Tuta bapa lenye kimo cha sentimita 6 hadi 10, pana kama kivuko na lililo sawa na njia ya miguu, hufanya kazi mbili: linapunguza mwendo, na mama yako anavuka bila kushuka wala kupanda. Shirika la Amend limetengeneza mazingira ya shule nyingi jijini Dar es Salaam kwa njia rahisi za aina hii, yaani vivuko, matuta, vizuizi na njia za miguu, na kazi hiyo ikashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya utafiti ya World Resources Institute (WRI) mwaka 2019. Kinachotakiwa si fedha nyingi.

Kuna usawa mwingine ambao haumo ndani ya mita nane, nao ni wa vichochoro. Pimeni umbali wa kutembea kutoka kila nyumba hadi kituo cha daladala, kisha mlinganishe na umbali wa moja kwa moja. Mkikuta mtu anatembea mita 600 kufika mahali palipo mita 200 kutoka kwake, tafuteni ukuta uliomzungusha. Mara nyingi ni kichochoro kilichozibwa na mwenye kiwanja, au geti lililowekwa na wakazi wenye hofu ya wezi. Mji huu unajua vizuri jinsi mpango wa barabara unavyotenganisha watu: wakoloni waliugawa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, Oysterbay ikapewa viwanja vikubwa na bustani huku Kariakoo ikipimiwa nyumba zilizobanana, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka kati ya wakazi na wakazi. Kazi ya miaka ya 1970, Sinza na Kijitonyama zilipopimwa viwanja na Manzese ikaingiziwa barabara na maji bila kuhamishwa yote, ilikuwa jaribio la kuziba pengo hilo. Kila geti jipya linalozuia njia ya miguu linalirudisha kidogo. Kama mtaa wenu unafanyiwa urasimishaji, yaani kupimwa na kumilikishwa viwanja vilivyokwisha kujengwa, hakikisheni kila kichochoro kinachotumika kinaingia katika mchoro wa mipango miji kama njia ya umma, na kwa upana usiopungua mita 1 na sentimita 80, maana kisipochorwa kitauzwa.

Jambo la mwisho la kupima ni nani atalipa. Kuta zitakazorudishwa nyuma ni za nani, na meza za mama lishe zitahamia wapi? Kodi za vyumba hupanda baada ya lami, na mpangaji aliyevumilia matope miaka kumi anaweza kuhama mwezi ambao matope yanakwisha. Kamati haiwezi kuzuia kodi isipande, lakini inaweza kuhakikisha kwamba wapangaji wamo ndani yake, kwa kuwa kamati nyingi hujaa wenye nyumba na wanaume. Kule Hanna Nassif, Kinondoni, katika miaka ya 1990, mitaro na barabara zilijengwa na wakazi wenyewe kwa mikataba ya ujira, wanawake wakiwemo, na sehemu ya fedha ya ujenzi ikabaki mtaani. Ulizeni mkandarasi wenu atachukua vibarua wangapi kutoka mtaa huo, na wanawake ni wangapi.

Mtakapopeleka matokeo kwenye mkutano wa mtaa, msiyaandike kwa jumla wala kwa alama. Andikeni jina la safari, mahali, kipimo na tatizo: “Kutoka nyumbani hadi zahanati, kwenye mita ya 140, mfuniko umepasuka, mwanya sentimita 5, kiti kimekwama.” Mkutano ufanyike mahali ambapo mama yako anaweza kuingia, saa ambayo wanawake hawako jikoni, na kama kuna kiziwi mtaani atafutwe mkalimani wa lugha ya alama. Majirani wanaotaka lami pana wasikilizwe kwa heshima, kisha waombwe kutembea safari moja tu pamoja na yule asiyeona, wakiwa wamefunga macho. Nimeona watu wakibadili mawazo kabla ya kufika nyumba ya pili.

Na baada ya ujenzi, rudieni safari zilezile, na watu walewale, mkiwa na daftari lilelile. Fanyeni hivyo kiangazi, kisha tena katikati ya masika, kwa sababu njia iliyo kavu Agosti inaweza kuwa bwawa Aprili. Mkandarasi hubaki na wajibu wa kurekebisha kasoro katika kipindi cha matazamio, ambacho kwa kawaida ni miezi 12 tangu kukabidhi kazi. Muulizeni mhandisi tarehe kamili ya kuanza na kuisha kwake, muiandike kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, na mhakikishe kwamba mama yako na jirani yako wameshapita njia yote angalau mara moja wakati wa mvua kabla tarehe hiyo haijafika.